Dola 25,000 Toa Dola 25,000

Barua ya kampuni ya bima ilikuwa na kurasa mbili, na hesabu yote iliyotuhusu ilikuwa katika mstari mmoja wa ukurasa wa pili: kikomo cha bima yetu dola 25,000, toa dola 25,000 zilizolipwa na bima ya dereva aliyesababisha ajali, baki sifuri. Mjomba aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa ameketi, kisha akaniuliza swali ambalo siku ile sikuwa na jibu lake: "Kwa hiyo, mjomba, miaka yote hii tulikuwa tunalipia nini?"

Natunza vitabu vya hesabu vya kampuni yake ya kusambaza mizigo hapa Columbus, jimbo la Ohio. Ni kampuni ndogo yenye magari saba, na kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kulipa ada ya bima kwa wakati, si kuisoma hati yenyewe. Dereva wetu na utingo wake waligongwa kwa nyuma katika barabara kuu ya I-70 na mtu aliyekuwa akiendesha gari lake binafsi. Utingo alipona baada ya wiki chache. Dereva alifanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo mara mbili, na hadi leo hawezi kunyanyua boksi. Yule aliyewagonga hakukimbia wala hakuvunja sheria ya bima. Alikuwa na bima halali, ile ya chini kabisa inayoruhusiwa Ohio, yaani dola 25,000 kwa majeruhi mmoja, dola 50,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na dola 25,000 kwa mali iliyoharibiwa. Kampuni yake ililipa kiasi hicho chote bila ubishi, kwa kuwa mtu yeyote angeona kwamba madhara yalikuwa makubwa kuliko hapo. Ubishi ulianza tulipogeukia bima yetu wenyewe. Kampuni ya bima na wakala wetu sitawataja, kwa kuwa shauri halijafungwa.

Bima ninayoizungumzia ina jina refu kwa Kiingereza, underinsured motorist coverage, na kwa Kiswahili nitaiita bima ya upungufu. Bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi wetu tunaifahamu, humlinda yule uliyemgonga wewe. Bima ya upungufu hufanya kinyume chake: inakulinda wewe unapogongwa na mtu ambaye bima yake haitoshi kufidia madhara aliyokuletea. Dada yake mkubwa ni bima dhidi ya dereva asiye na bima kabisa, ambayo jimbo la New Hampshire lilikuwa la kwanza kuilazimisha, mwaka 1957. Baadaye watunga sheria waligundua jambo la kushangaza kidogo, kwamba aliyegongwa na mtu asiye na bima hata kidogo angeweza kulipwa zaidi kuliko aliyegongwa na mtu mwenye bima ndogo. Bima ya upungufu ilibuniwa kuziba pengo hilo, na kila jimbo lililiziba kwa namna yake.

Hapo ndipo ilipo siri ya ule mstari mmoja wa barua. Kuna majimbo ambako bima ya upungufu huongezwa juu ya ile ya aliyesababisha ajali: akiwa na 25,000 na wewe una 100,000, unaweza kupata hadi 125,000 iwapo madhara yanafika huko. Kuna mengine ambako bima yako hupunguzwa kwa kiasi kilekile ulichopata kwake, hivyo kwa mfano huohuo utapata 25,000 kutoka kwake na 75,000 kutoka kwako, jumla 100,000 na si senti zaidi. Ohio ni ya kundi hili la pili. Kifungu cha 3937.18 cha sheria zake kinasema waziwazi kwamba bima ya upungufu si bima ya ziada juu ya nyingine, na kwamba kikomo chake hupunguzwa kwa kiasi kinachopatikana kutoka kwa bima ya mkosaji. Georgia, tangu mwaka 2009, humwachia mkata bima achague namna moja kati ya hizo mbili. Virginia iligeuza utaratibu wake kuanzia Julai 2023 ili kanuni ya kawaida iwe ile ya kuongeza.

Sasa chukua kanuni ya Ohio uiweke juu ya hati yetu. Mtu yeyote anayeendesha gari kihalali katika jimbo hili ana angalau dola 25,000 kwa majeruhi mmoja. Sisi tulikuwa na bima ya upungufu ya dola 25,000. Maana yake ni kwamba, kwa majeruhi mmoja anayelipwa kikamilifu na mkosaji, hapakuwa na dereva hata mmoja halali wa Ohio ambaye angeweza kutugonga na bima ile ikatulipa kitu. Ilikuwa na maana dhidi ya asiye na bima kabisa, kwa kuwa katika hati yetu dada hao wawili wanakwenda pamoja, na hapo tu. Nilipoielewa hesabu hiyo nilikasirika kuliko siku barua ilipofika, kwa sababu hakuna aliyetudanganya. Kila neno lilikuwa limeandikwa.

Wakili wa dereva alinieleza mlango mmoja mdogo uliopo. Mwaka 2001, katika shauri la Clark dhidi ya Scarpelli, Mahakama ya Juu ya Ohio iliamua kwamba "kiasi kinachopatikana" ni kile ambacho majeruhi ameweza kukifikia na kukipata kweli, si kile kilichochapishwa katika hati ya mkosaji. Kama majeruhi wangekuwa wanne na wakagawana ile 50,000, dereva wetu akaambulia 14,000, basi zingebaki 11,000 za kudaiwa kwetu. Majeruhi wetu walikuwa wawili, na utingo alidai kidogo sana. Dereva alipata 25,000 zake kamili, na kwa kuzipata kamili akaipoteza bima yetu.

Lakini je, kikomo chetu kilikuwa kweli 25,000? Hati yetu ilitaja dola 1,000,000 kwa madai ya watu wengine dhidi yetu, na hati ya mwaka uliotangulia ilitaja 1,000,000 pia katika mstari wa bima ya upungufu. Mahali fulani kati ya miaka hiyo miwili sufuri zilidondoka. Kampuni ilisema hati ilitolewa kama ilivyoombwa na wakala. Wakala alisema mjomba alitaka ada ipungue. Mjomba alisema alitaka ada ipungue kama kila mwenye biashara anavyotaka kila mwaka, ila hakumwambia mtu yeyote apunguze kinga ya madereva wake.

Kama haya yangetokea Florida au Pennsylvania, swali la kwanza lingekuwa saini. Florida, kikomo cha bima hii huwa sawa na kile cha madhara ya mwili unayosababisha kwa wengine, isipokuwa mkata bima amekataa au amechagua kiasi kidogo kwa maandishi katika fomu iliyoidhinishwa. Pennsylvania nayo inataka ombi la maandishi kabla kikomo hakijashuka chini ya kile cha madai ya wengine. Katika majimbo ya namna hiyo, fomu iliyopotea au isiyo na saini inaweza kugeuza 25,000 kuwa 1,000,000 kwa nguvu ya sheria yenyewe, na ndiyo maana mawakili huanza kwa kuidai fomu ile kabla ya kitu kingine chochote.

Ohio ilikuwa hivyo zamani, tena kwa ukali. Mwaka 2000, katika shauri la Linko, mahakama ilitamka kwamba ofa ya bima hii haikuwa halali mpaka ieleze kwa ufupi bima yenyewe ni nini, ada yake ni kiasi gani na vikomo vyake ni vipi, na kwamba hayo yote yaonekane ndani ya maandishi ya mkataba. Kampuni za bima zilishindwa kesi nyingi kwa msingi huo. Kisha Bunge la jimbo likapitisha sheria iliyoanza kutumika tarehe 31 Oktoba 2001, iliyoondoa wajibu wa kuitoa kabisa: kampuni inaweza kuiweka bima ya upungufu katika hati, na inaweza kutoiweka. Tangu siku hiyo hoja ya "hamkutuuliza kwa maandishi" haina mguu wa kusimamia hapa. Kilichobaki ni kuthibitisha kwamba mkataba ulioandikwa haukuwa ule uliokubaliwa, au kumdai wakala kwa uzembe.

Tulipekua barua pepe za miaka minne. Ilipatikana moja, ya mistari mitatu, ambamo mjomba alimwandikia wakala kwamba gari moja liondolewe na mengine yabaki "kama mwaka jana". Sijawahi kuona maneno matatu yakisomwa na watu wengi wenye mishahara mikubwa kiasi kile. Wakala anadai yalihusu magari, sisi tunadai yalihusu bima yote. Na hapo kuna saa inayohesabu: uzembe wa namna hii Ohio una muda wa miaka 4, na mwaka 2018, katika shauri la LGR Realty, Mahakama ya Juu iliamua kwamba pale hati yenyewe inapoonyesha wazi kinga isiyokuwepo, muda huanza siku hati ilipotolewa, si siku ulipogundua, wala siku dai lilipokataliwa. Hilo lilikuwa shauri la bima ya aina nyingine, lakini mawakili wa mawakala wanalibeba popote waendapo. Kwetu ulikuwa umepita mwaka mmoja na nusu. Ninamfahamu mtu ambaye hati yake ilikuwa ikihuishwa kimyakimya kwa miaka sita.

Kuna swali jingine ambalo halikumgusa dereva wetu moja kwa moja, lakini linanivutia kuliko yote, na hapa Ohio liliwahi kutikisa soko zima la bima za magari ya biashara. Swali lenyewe ni la sarufi: neno "wewe" katika hati ya bima ni nani?

Tarehe 23 Juni 1999 Mahakama ya Juu ya Ohio ilitoa uamuzi katika shauri la Scott-Pontzer dhidi ya Liberty Mutual. Mfanyakazi wa kampuni ya maziwa iitwayo Superior Dairy alikufa katika ajali akiwa ndani ya gari la mke wake, na si kazini. Kampuni ya maziwa ilikuwa na hati ya bima ya magari ya biashara, na pia bima ya mwavuli juu yake, yaani bima ya ziada inayoanza kulipa pale kikomo cha ile ya chini kinapoisha. Hati ile ilisema anayelindwa ni "wewe", na aliyetajwa kuwa mkata bima alikuwa ni kampuni. Majaji wanne dhidi ya watatu walisema kwamba kampuni haiwezi kuketi garini, haiwezi kuvunjika mfupa wala kufa, kwa hiyo kinga dhidi ya majeraha ya mwili haina maana ikiwa "wewe" ni kampuni peke yake. Neno lina utata, na utata katika hati ya bima husomwa dhidi ya aliyeiandika. Basi "wewe" ni pamoja na wafanyakazi. Na kwa kuwa hati haikusema kwamba wawe kazini, mahakama haikuliongeza sharti hilo. Mjane akafunguliwa mlango wa kulipwa na bima ya mwajiri wa mumewe kwa ajali ambayo mwajiri hakuhusika nayo hata kidogo, na katika mwavuli pia, ambako bima ya upungufu haikuandikwa kabisa bali ilihesabiwa kuwapo kwa nguvu ya sheria ya wakati ule, kwa sababu haikutolewa kwa ofa.

Mwaka huohuo, katika shauri la Ezawa, kanuni ile ilinyooshwa hadi kwa jamaa za wafanyakazi. Mtoto wa mfanyakazi sasa angeweza kudai katika bima ya kampuni ambayo hajawahi kuikanyaga mlango. Mawakili wa Ohio walianza kumuuliza kila majeruhi swali moja: unafanya kazi wapi, na jamaa unaoishi nao wanafanya kazi wapi? Kampuni za bima zililipa, zikapigania, zikapandisha ada, zikaandika upya hati.

Ilidumu miaka minne na miezi michache. Tarehe 5 Novemba 2003, katika shauri la Westfield dhidi ya Galatis, mahakama ileile ikiwa na majaji wengine kadhaa ilirudi nyuma: isipokuwa hati iseme vinginevyo waziwazi, bima ya kampuni humlinda mfanyakazi pale tu anapoumia akiwa katika shughuli za kazi yake, na Ezawa ikatupwa. Uamuzi ule unatajwa hadi leo katika mashauri yasiyohusu bima kabisa, kwa sababu ndimo mahakama ilimoweka vigezo vitatu vya lini inaruhusiwa kufuta uamuzi wake yenyewe. Binafsi naona Galatis ilikuwa sahihi kisheria, na bado nasitasita kuwacheka majaji wa 1999. Waliona jambo la kweli: mtu aliuziwa kinga ya mwili kwa jina la kitu kisicho na mwili.

Waandishi wa hati walijifunza. Fomu nyingi za leo, zinazofuata vielelezo vya taasisi ya Insurance Services Office, zinatenganisha mapema: ikiwa mkata bima ni mtu binafsi, wanalindwa yeye na jamaa anaoishi nao, ikiwa ni kampuni, ubia au chombo kingine, analindwa yeyote aliye ndani ya gari lililotajwa. Soma sentensi hiyo ukiwa mwenye kampuni. Mjomba hana gari binafsi. Gari analoendea msikitini na sokoni ni la kampuni, limesajiliwa kwa jina la kampuni na bima yake ni ya kampuni. Akigongwa akiwa anavuka barabara kwa miguu, "wewe" wa hati ile si yeye. Ipo nyongeza ya hati yenye namba CA 99 10, inayotaja kwa majina watu ambao watalindwa kama vile wana bima binafsi. Mjomba alikuwa na bima ya biashara kwa miaka kumi na moja bila kuisikia.

Neno "ndani ya gari" nalo lina kesi zake. Fomu husema kuwa ndani, juu, kupanda au kushuka. Watu wa mizigo wanajua kwamba nusu ya siku ya kazi huisha nje ya gari, karibu nalo. Pennsylvania, mwaka 1984, katika shauri la Utica Mutual dhidi ya Contrisciane, mtu aliyekuwa na gari la mwajiri wake alipata ajali ndogo, akaenda kwa miguu hadi lilipo gari la polisi kwa ajili ya kuonyesha nyaraka, akagongwa na gari jingine akafa. Mahakama ilisema bado alihesabiwa kuwa garini: kulikuwa na uhusiano kati ya jeraha na matumizi ya gari, alikuwa karibu nalo, shughuli yake ilikuwa ya gari na si ya mpita njia, na alikuwa akifanya jambo la lazima katika kulitumia. Lakini mahakama hiyohiyo ilikataa ombi la pili la familia yake, la kurundika vikomo vya magari yote ya mwajiri kimoja juu ya kingine. Aliyelindwa kwa sababu tu yumo garini, ilisema, hakulipia ada ya magari yale mengine. Tofauti hiyo kati ya aliyetajwa katika hati na aliyemo tu ndani ya gari imewafunga mlango madereva wengi wa kuajiriwa tangu siku ile.

Halafu kuna alama. Katika ukurasa wa mwanzo wa hati, mbele ya kila aina ya bima, kuna tarakimu ndogo, na kwa miaka yote nilidhani ni namba za kompyuta. Alama 1 maana yake ni gari lolote. 2 ni magari yanayomilikiwa na kampuni tu. 7 ni yale tu yaliyoorodheshwa. 8 ni ya kukodi. 9 ni yasiyo ya kampuni, kama gari la mfanyakazi mwenyewe. Hati yetu ilikuwa na 1 kwa madai ya wengine na 7 kwa bima ya upungufu. Wiki mbili kabla ya ajali dereva wetu alikuwa akitumia gari la kukodi kwa sababu lake lilikuwa gereji. Angegongwa wakati ule, na kama hati isingelikubali gari la muda badala ya lililo gereji, tusingefika hata kwenye hesabu ya kutoa; jibu lingekuwa kwamba gari lenyewe halimo.

Baada ya barua ile tulishauriana na dereva ageukie bima ya gari lake la nyumbani, ambalo kwa bahati lilikuwa na bima ya upungufu ya dola 100,000. Mia toa ishirini na tano, sabini na tano zingebaki. Jibu lilikuja haraka: hati yake haimlindi akiwa katika gari ambalo halimo katika hati hiyo na ambalo anapewa kwa matumizi ya kawaida. Sheria ya Ohio inaruhusu sharti hilo. Pennsylvania walilibishania kwa miaka, hadi Januari 2024, katika shauri la Rush dhidi ya Erie, Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ilipolikubali. Mlalamikaji pale alikuwa askari polisi aliyegongwa akiwa katika gari la kazi. Kwa dereva wa kuajiriwa hili ndilo pigo kubwa, kwa sababu anaweza kujinunulia kinga nzuri kwa fedha yake na isimfuate saa zile ambazo yuko barabarani zaidi. Kinga yake ya kazini inaamuliwa na mtu mwingine, katika fomu asiyoiona.

New Jersey ilikuwa na ukatili wa aina yake: vifungu vilivyomshusha mfanyakazi hadi kwenye kikomo cha bima yake binafsi hata kama ya mwajiri ilikuwa kubwa. Mahakama ya Juu ya huko iliviruhusu mwaka 2005 katika shauri la Pinto, na Bunge likavipiga marufuku kwa hati za kampuni mwaka 2007.

Jambo moja tulilifanya sawasawa, na sifa ni ya wakili wa dereva. Kabla ya kutia saini ya kupokea zile 25,000 za mkosaji, na kumwachilia asidaiwe tena, aliwaandikia watu wa bima yetu kuomba ridhaa. Hati huitaka ridhaa hiyo kwa sababu kampuni inayolipa upungufu ina haki ya kumgeukia mkosaji, na ukimwachilia umeiua haki hiyo. Ohio, tangu shauri la Ferrando la mwaka 2002, kukiuka sharti hilo hakuui dai papo hapo, lakini kampuni huhesabiwa kuwa imedhurika mpaka wewe uthibitishe kwamba haikudhurika. Minnesota hutumia utaratibu uliotokana na shauri la Schmidt dhidi ya Clothier la mwaka 1983: unaipa kampuni yako ya bima taarifa ya siku 30, na ikitaka kuilinda haki yake ilipe yenyewe kiasi ambacho mkosaji alikuwa tayari kulipa. Kwa wasomaji wa Texas, jueni kwamba kwa uamuzi wa Brainard wa mwaka 2006 kampuni haina wajibu wa kimkataba wa kulipa upungufu hadi kosa na kiasi cha madhara viamuliwe na mahakama, kwa hiyo barua za hasira hazina kazi kubwa huko.

Matibabu ya dereva yamelipwa na mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, ambao Ohio ni wa serikali ya jimbo, na sehemu ya mshahara wake pia. Watu hudhani hapo mambo yameisha. Mfuko haulipi maumivu, wala usiku asiolala, na una haki ya kurudishiwa gharama zake kutoka kwa fedha atakazopata kwa mkosaji, hata zile zitakazotoka katika bima ya upungufu ya mwajiri. Kwa hiyo zile 25,000 alizopata nazo zina mkono mwingine ulionyooshwa kuzielekea.

Madereva wa malori makubwa walioniuliza juu ya haya huanza kwa kusema kwamba wao wako salama, kwa kuwa sheria ya shirikisho inawataka wasafirishaji wa mizigo ya kawaida kati ya majimbo wawe na angalau dola 750,000, kiasi ambacho hakijabadilika tangu miaka ya 1980. Fedha hizo ni za yule watakayemgonga. Nimeiona hati ya lori yenye 1,000,000 juu na 25,000 chini, kama yetu.

Hati mpya imefika wiki iliyopita. Bima ya upungufu ni 1,000,000, alama ni 2, na ongezeko la ada kwa magari yote saba halikufika bei ya matairi ya magari mawili. Nyongeza ya CA 99 10 imewekwa, majina mawili, mjomba na shangazi. Mwavuli hautaji bima ya upungufu popote, na nimemwandikia wakala mpya kumuuliza kama unaifuata hati ya chini au hauifuati. Nimeomba ajibu kwa maandishi. Mjomba ameketi na kalamu tangu asubuhi, anasoma ukurasa wa saba, na amenikataza nisimharakishe.